Eda ya Mtu Aliye Hai

Fundi Mabruki alikubali kwenda Chake kuitazama ngoma ya binti yake kwa sababu alidhani ni msewe. Msewe aliujua. Ujanani alikuwa akifunga njuga za ukindu miguuni na kupiga mguu chini mpaka vumbi linamfika kiunoni, na Duni, kabla hajawa mkewe, alikuwa mmoja wa wasichana waliosimama upande wa pili wakimcheka. Kwa hiyo Mwanawema alipompigia simu kusema analeta mchezo wake Pemba, mchezo wa mwanamume na mwanamke, Mabruki alisema, "Vyema, mwanangu. Na ngoma watapiga kina nani?"

"Hakuna ngoma, baba. Kuna fidla."

Hapo alianza kutofahamu, na tangu hapo hakufahamu tena vizuri kwa muda mrefu.

Mwanawema alikuwa mtoto wao wa pekee. Miaka mitatu alikuwa Afrika Kusini akisomea kucheza. Watu wakimuuliza Mabruki barazani binti anasomea nini, alijibu, "Ualimu," na hakuwa mwongo sana, maana mwenyewe alishasema kwamba akimaliza atafundisha. Alichosomea kiliitwa baleti ya kisasa. Aliwahi kumwonesha baba yake picha kwenye simu: mwanamke amesimama juu ya ncha za vidole vya miguu, shingo ndefu kama ya korongo. Mabruki aliitazama akauliza, "Haumii?" Mwanawema akasema anaumia sana, ila hapaswi kuonesha.

Alikuja na wachezaji wawili kutoka Dar es Salaam, Abrahman na Siti. Walikuwa mume na mke, na afisa wa utamaduni hakutoa kibali mpaka alipokishika cheti chao cha ndoa mkononi na kukisoma mara mbili. Siti angevaa suruali pana, mikono mirefu na kilemba. Mwanawema mwenyewe hakucheza. Yeye ndiye aliyeutunga mchezo, kila hatua na kila mgeuko, na kutoka kwa baba yake alitaka kitu kimoja tu: fremu ya mlango, isiyo na mlango wala ukuta, ya kusimamishwa katikati ya jukwaa.

"Mlango wa kutokea wapi kwenda wapi?" Mabruki aliuliza, kalamu ya risasi sikioni.

"Wa nyumba tu, baba."

Akautengeneza kwa mbao za mwembe, akaupiga randa mpaka ukateleza. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akijijengea mlango wake mwenyewe.

Mchezo ulianza baada ya sala ya Alasiri. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto, kwa hiyo uso wa Duni Mabruki hakuuona. Pembeni yake alikaa jirani yao aliyeitwa Mwalim, ambaye alikuwa dereva na hakupata kufundisha mtu kitu. Fidla ikalia. Abrahman na Siti wakatoka pamoja.

Mwanzoni ulikuwa mzuri wa kutazama. Walikwenda sawasawa, mguu kwa mguu, mmoja akiinua mkono na mwenziwe akiinua. Mwanamume alimbeba mwanamke juu kama mtu abebaye trei ya chai asimwage, akamshusha taratibu, na mwanamke akapita kwa ncha za vidole mithili ya mtu anayevuka sakafu iliyomwagika maji. Ila kulikuwa na jambo. Hawakutazamana. Hata alipombeba, Siti alikuwa akitazama nyuma ya bega la mumewe, na mume akitazama chini, mahali pa kuweka mguu. Mabruki akajiuliza kama ndivyo baleti inavyokuwa au wale wawili wamegombana njiani.

Kisha mwanamke akapiga magoti, mgongo umeelekea mlango, mikono ikishughulika na kitu kisichokuwapo, kama anayekanda unga. Mwanamume akasimama ghafla. Akasikiliza. Akapita katika ile fremu mbio, bila kugeuka. Mwanamke akainuka na mikono miwili mbele, amemletea kitu, na pale alipokuwapo mtu hapakuwa na mtu.

Mabruki alitaka kuinuka, akakaa tena.

Maana hivyo ndivyo ilivyokuwa. Januari ya mwaka elfu mbili na moja, siku za machafuko ya uchaguzi, alikuwa karakanani risasi zilipoanza kulia upande wa barabara. Aliacha randa juu ya ubao, akakimbia na wenziwe mpaka pwani, na jahazi likawatoa hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Kutoka karakana hadi nyumbani kwake ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Hakupita. Kutoka Shimoni wakapelekwa kambi ya wakimbizi, bara ndani kabisa, nchi kavu isiyo mnazi hata mmoja. Nyumbani zikafika habari kwamba chombo kimezama na Mabruki alikuwamo. Khitma yake ikasomwa. Duni akakaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, akatoka. Na mwezi wa tisa marehemu akatokea kwa miguu, amekonda, na begi la plastiki mkononi. Kijiji kilishangaa, kikalia, kisha kikacheka, na mwaka mzima vijana walikuwa wakimwamkia, "Shikamoo, Marehemu." Naye alikuwa akiitika. Yeye na Duni hawakukaa hata siku moja wakalizungumza. Alirudi, akapakuliwa chakula, akala, na kesho yake akafungua karakana. Mwanawema wakati huo alikuwa na miaka tisa.

Jukwaani Siti alikuwa amefunikwa shuka jeupe. Akakaa. Kwa muda mrefu hakikucheza kitu isipokuwa mgongo wake, na vidole. Upande wa wanawake mtu mmoja akavuta pumzi kwa sauti, maana eda wote waliijua. Kisha akainuka, akaliacha shuka chini, na likaja jambo lililomchanganya Mabruki kuliko yote. Mwanamke alianza kuzunguka. Mikono aliinyoosha mbele, ngumi zimeshika kitu kisichoonekana, mwili umeinama kidogo. Akaanguka. Akainuka. Akazunguka tena, duara kubwa zaidi, miguu ikienda upesi upesi, na uso ukafunguka, akacheka bila sauti. Tangu mchezo uanze hakuwa amecheza vizuri namna ile. Alikuwa mwepesi kama usufi.

"Anafanya nini?" Mabruki alinong'ona.

"Miye naona anasaga," Mwalim akajibu. "Lakini mbona furaha yote ile?"

Na upande wa pili wa mlango, kule ng'ambo, yule mwanamume naye alikuwa akicheza peke yake. Aliruka juu, akageuka hewani, akatua kama paka. Hakuwa na mzigo wala mtu wa kumbeba. Naye pia alionekana mwepesi. Mabruki alitazama mikono yake mwenyewe, akaiweka chini ya mapaja.

Mwishoni mwanamume alirudi kwa mlango uleule. Mwanamke akasimama, ngumi bado zimeshika kile kitu. Mwanamume akaviachanisha vidole vya mwanamke, kimoja kimoja, akaviweka juu ya mabega yake mwenyewe. Wakaanza upya hatua zile za mwanzo, zilezile, ila sasa mwanamke alichelewa. Kila hatua alikuja nyuma kidogo, kiasi cha kope kufumba. Fidla ikanyamaza.

Watu walipiga makofi ya wasiwasi. Nyuma mtu akauliza kama ndo imekwisha.

Nje, Mabruki alimvuta binti yake pembeni ya ukuta.

"Ile ni sisi?"

"Ni watu wawili, baba."

"N'nakuuliza watu gani."

Mwanawema alitazama viatu vyake. "N'likuwa mdogo. Nimetunga kwa yale n'liyoyaona. Mama hajaniambia kitu, usije ukamgombeza."

"Na yule mwanamume? Anarukaruka kule peke yake. Hilo umeliona wapi?"

"Hilo nimelibuni. Mchezo ulikuwa unaegemea upande mmoja, basi nikampa naye cha kucheza. Kwani nimekosea?"

Mabruki alifungua kinywa. Alitaka kusema ndiyo, umekosea. Hakuweza, wala hakuweza kusema kwa nini hawezi. "Fremu imesimama vizuri," akasema, akaondoka.

Walirudi kwa gari la Mwalim. Njia nzima Mwalim ndiye aliyesema, na Duni akakaa nyuma, ameuzungusha mtandio usoni. Mwanawema na wageni wake walibaki Chake kwa kuwa asubuhi walikuwa wanavuka kwenda Unguja.

Siku ya pili Mabruki hakwenda karakanani. Alimkuta mkewe uani anamenya muhogo, akavuta kigoda, akakaa, jambo ambalo si kawaida yake saa zile.

"Mama Mwanawema, n'kuulize."

"Uliza."

"Yule mwanamke alikuwa anazunguka na nini?"

Duni aliendelea kumenya. "Baiskeli," akasema. "Yako."

Alimweleza bila kumtazama. Alipotoka eda, baiskeli ya marehemu ilikuwa imeegemea ukutani, na kila akipita anaiona. Siku moja akamwambia Mwanawema aishike nyuma. Akajifunza humu humu uani, milango imefungwa, watu wasimwone. Alianguka mara nyingi, goti lina alama mpaka leo. Wiki ya tatu akaweza. Akaanza kwenda nayo mpaka shambani alfajiri.

Mabruki akakumbuka. Aliporudi alikuta kiti cha baiskeli kimeshushwa na mnyororo umetiwa mafuta. Alikipandisha kiti, akaenda nayo kazini. Hakumuuliza mtu.

"Kwa hiyo miye n'likuwa maiti," alisema polepole, "na weye ukafurahi."

Kisu kikasimama. "Sijui."

"Hujui vipi? Mtu hajui kama alifurahi?"

"N'lilia mpaka mama akaogopa kwamba ntapofuka. Hilo nalijua. Kisha nikakaa ndani miezi minne na siku kumi sina kazi ila kukufikiria. Nikafikiria yote, Baba Mwanawema. Ulivyonipita siku ile bila kuja mlangoni. Ulivyokuwa unakula na kuinuka kama mtu wa mkahawani. Nikayatoa moja moja, nikakusamehe, maana maiti husamehewa. Nikabaki mweupe. Hapo ndipo nikaiona ile baiskeli." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Mara ukaja. Hai. Nikashukuru Mungu, wallahi nilishukuru. Lakini sikujua ule msamaha ni wako au wa yule maiti. N'lishauzika naye. Mpaka leo sijui."

Mabruki aliokota ganda la muhogo, akalitupa. Kuku alipita katikati yao.

"Sasa na miye n'kuulize," Duni akasema. "Kule kambini ulikuwa unaruka vile?"

"Ati Mwanawema amelibuni hilo."

"Sikuulizi Mwanawema alifanya nini."

Akasema hapana, kambini kulikuwa na jua na foleni ya maji, nani angeruka. Akasema haraka mno. Duni alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akachukua sinia la muhogo, akaingia ndani. Baada ya Adhuhuri alikuwa amevaa baibui, na mkoba mkononi. Alikuwa anakwenda Tumbe, kwa dada yake Time. Siku ngapi, hakusema.

Mabruki alikaa na nyumba. Kesho yake alikwenda kwa Shehe Bakar, ambaye miaka kumi na tano nyuma ndiye aliyesoma khitma yake, na akamuuliza kama mke aliyekaa eda ya mume aliye hai bado ni mke. Shehe Bakar alimtazama juu ya miwani.

"Mbona swali hili limechelewa kufika?"

"Limefika jana, Shehe."

"Eda ile ilikaliwa kwa habari ya uongo. Kadhi hakuwatenganisha, wala mkeo hakuolewa na mtu. Nikaha yenu ipo, haikukatika hata siku moja."

"Basi kama haikukatika, mbona naona imekatika?"

Shehe Bakar alivua miwani akaifuta kwa pembe ya kanzu. Akasema hilo halimo katika vitabu vyake, na kwamba angekuwa yeye angekwenda kumuuliza mwenye nusu ya pili.

Siku ya tatu Mabruki alikwenda Tumbe. Alimkuta Duni pamoja na Time nyuma ya nyumba, karibu na pwani ya kuuzia samaki, wanageuza dagaa waliochemshwa juu ya nyavu. Time alimwona, akaitikia salamu yake kwa adabu zote, "Waaleikum salaam, shemeji, karibu," kisha akakumbuka ana kitu jikoni.

Mabruki alichuchumaa, akaanza kugeuza dagaa na yeye. Hakujua wanageuzwaje. Duni hakumkosoa.

"N'lidanganya," alisema. "Juzi."

Duni akaendelea kugeuza.

"Kule kambini alikuwapo Jecha wa Chokocho, unamjua. Mwezi wa nne alipata njia ya kurudi. Akatuzungukia sote, nani ana barua, nani ana neno la kupeleka kwao. Watu wakaandika. Aliyekuwa hajui kuandika akaandikiwa. Akaja kwangu."

"Na weye?"

"N'kamwambia nitampa kesho. Kesho yake nikajificha mpaka akaondoka. Naye alishukia kwao Chokocho, hakujua huku mmenisomea khitma."

Mkono wa Duni ulitulia juu ya wavu. Mwezi wa nne alikuwa ndani, katika shuka jeupe. Wote wawili walihesabu, na wote wawili wakafika pale pale.

"Kwa nini?"

"Hilo ndilo sijui. Sikuwa na mwanamke mwingine, naapa. Sikuwa na kitu, hata malapa sikuwa nayo. Lakini kila asubuhi n'likuwa naamka, hakuna anayenijua, hakuna anayenitaka kitu. Si mume wa mtu wala fundi wa mtu. N'likuwa nakwenda kutazama jua linavyotoka kwenye ile nchi tupu. Nikajisikia mwepesi. Nikasema, siku moja zaidi. Siku moja zaidi." Aligeuza dagaa aliyekwisha kugeuzwa. "N'lipomwona yule kijana anaruka, nikadhani Jecha amesema. Nikadhani watu wote ukumbini wanajua."

Duni aliinuka. Alikuwa na dagaa wawili mkononi na hakuonekana kujua kwamba anao. Uso wake ulikuwa wa hasira, kisha haukuwa wa hasira, kisha ukawa tena.

"N'lioshwa, Mabruki," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina tangu harusi. "Wazee wa kike walikuja wakaniosha, wakanitoa eda. Mwanangu alisimama mlangoni anatazama. Na weye unatazama jua."

"Ndiyo."

"Na miye nakutukania nini, ikiwa na miye n'liendesha baiskeli?" Alicheka kidogo, cheko lisilo na mahali pa kukaa. "Ondoka. Rudi nyumbani. Sijui kama ntakuja. Usinifuate na usimtume mtu."

Akaondoka. Njiani Mabruki alijaribu kupima kama ameharibu au ametengeneza. Alikuwa amezoea ubao: ukiupiga randa unaona. Hili halikuwa na pa kupima.

Kwa siku tano alilala, akaamka, akafungua karakana, akafunga. Mwalim alimletea chakula kutoka kwa mkewe, asiulize kitu, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa Mwalim. Siku ya nne Mwanawema alipiga simu. Walikuwa wamealikwa kucheza Dar, alisema, lakini mama amemwambia angoje, na yeye hafahamu angoje nini. Alikuwa analia. "Baba, nimekuharibieni nyumba?"

"Miye mwenyewe sifahamu, mwanangu," Mabruki alisema. "Lakini fremu ile n'liichonga miye. Usilie."

Siku ya sita, jua la saa nane, pikapu ya samaki ilisimama njiapanda na Duni akashuka. Mabruki alimwona tangu mbali, akatoka kwenda kumpokea mkoba, kisha akasita, hakujua kama anaruhusiwa kuupokea. Duni alimpa.

Hawakuingia ndani. Walikaa uani. Duni alivua baibui, akalikunja, akaliweka mapajani.

"Nimekuja," alisema. "Usiniulize kama nimekusamehe, maana ntakujibu uongo. N'na jambo moja. Miaka kumi na tano nimekaa na mtu aliyerudi, simjui alitoka wapi. Nihadithie. Anza siku ile ulipoacha randa. Usiruke kitu."

Mabruki alianza. Alikuwa si msemaji, na maneno yalikuja kwa kukwama, la mbele nyuma na la nyuma mbele. Alimwambia risasi zilivyosikika, jinsi alivyoiona njia ya nyumbani na jinsi mguu ulivyokataa kuifuata. Alimwambia watu walivyotapika chomboni. Kuna mahali alikosea jina la mtu, akarudi nyuma, akalisahihisha. Duni alisikiliza, mara amemkazia macho, mara ametazama ukuta. Yeye naye akaingiza yake: siku ile alikuwa akikanda unga wa chapati, na aliusikia mlio wa kwanza akadhani ni mlango wa jirani.

Alipofika kwa Jecha, hakuruka kitu. Duni aliinuka ghafla, akaingia jikoni. Mabruki alisikia sufuria ikiwekwa jikoni kwa kishindo, maji yakimiminwa, kisha kimya kirefu. Akakaa na mikono yake. Aliwaza kwamba amekwenda kuchukua mkoba. Aliwaza kwamba anapika. Hakujua lipi.

Duni alitoka akiwa na vikombe viwili vitupu. Akaviweka chini. Hakukaa pale alipokuwa amekaa mwanzo, wala hakukaa karibu naye. Alikaa katikati.

"Maji yanachemka," alisema. "Endelea."

Mabruki hakufahamu kama anahukumiwa au anakaribishwa. Akaendelea.